Jumapili Walizomfungia Mama Dobi

Ndugu zangu wa mtaa huu, na wewe mgeni usiyetujua, nawaomba mnivumilie mpaka mwisho, hata pale nitakapowachukiza. Mimi ni kinyozi. Kazi yangu hunifanya nisikie mengi, na nakiri kwamba mara nyingi nimesema zaidi ya niliyosikia. Lakini mengi ya leo sikuambiwa na mtu. Niliyaona kwa macho yangu, na sehemu yake nyingine niliitenda kwa mikono yangu.

Kanisa letu ni dogo, paa la mabati, mabenchi ya mbao yanayong'ang'ania nguo ukikaa vibaya. Jumapili asubuhi palikuwa na raha yake pale. Mpiga kinanda akianza wimbo wa sifa na ngoma ikaingia, benchi la tatu upande wa wanawake lilikuwa linasogea. Hapo ulijua Mama Dobi anainuka. Alivua viatu, akavisukuma chini ya benchi kwa kisigino, akajifunga kitambaa kiunoni, kisha akatoka kwenye njia ya katikati na kumchezea Mungu wake.

Sitawadanganya kwamba alicheza vizuri. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba kwa miaka thelathini ya kusimama kwenye maji akifulia watu nguo, kwa hiyo wa kulia ulicheza na wa kushoto ulifuata, kama mke aliyeburutwa kwenye sherehe asiyoitaka. Lakini mikono! Mikono yake iliifikicha hewa, ikaisuuza, ikaikamua, ikaikung'uta na kuianika juu kabisa. Watoto walijipanga nyuma yake wakianika nao. Mchungaji alizoea kusema, "Mama Dobi akishacheza, mahubiri yangu yamebaki nusu. Nusu nyingine kashaifanya."

Wengi hawakujua kwa nini alicheza. Mumewe alikufa mapema akamwachia mtoto mmoja wa kiume. Mtoto huyo akiwa na miaka sita alishikwa na homa, miguu ikalegea, ikawa kama ya mwanasesere wa kitambaa. Daktari akamwambia mama amrudishe nyumbani, hakuna la kufanya tena. Mama akakataa kuondoka. Akiwa ameketi sakafuni kwenye ujia wa hospitali, akasema: "Mungu, huyu akisimama kwa miguu yake, mimi yangu nitakupa wewe." Siku ya kumi na moja mtoto akashika ukingo wa kitanda, akasimama, akaomba maji. Tangu Jumapili iliyofuata, Mama Dobi akawa anatimiza neno lake. Hakukosa hata mara moja, mpaka tulipomkosesha.

Mtoto huyo akakua. Akasoma kwa jasho la sabuni, akaajiriwa kwenye kampuni ya bima, akapanda ngazi mpaka akawa mkuu wa idara. Mtaani tukamwita Meneja, na jina likamkaa kama suti aliyoshonewa. Akaoa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke nadhifu, mwenye mwandiko mzuri na maneno machache. Wakamchukua mama akae nao. Nyumba yao imepakana na yangu. Ukuta wa chumba cha mama ndio ukuta wa chumba changu.

Kanisa nalo likamchagua Meneja kuwa mzee wa kanisa. Siku ya kumsimika akamwalika mkurugenzi wake kutoka kazini. Mkurugenzi akaja na mkewe, wakaketishwa mbele kabisa. Ngoma ilipoingia, Mama Dobi akainuka kama kawaida yake. Siku hiyo furaha ilimzidi. Alicheza mpaka kilemba kikamwanguka, akakiokota, akakikamua nacho, akakianika hewani mbele ya pua ya mkurugenzi.

Mimi nilikuwa benchi la nyuma, simu mkononi. Nikarekodi sekunde ishirini tu. Nikazirusha kwenye kundi la mtaa na maneno haya: "Injini ya zamani, bado inanguruma!" Nikacheka, nikaweka simu mfukoni, nikaimba wimbo uliobaki kama Mkristo mwema.

Ndugu zangu, kitu ukishakirusha hakina breki. Siku ya pili picha zile zilikuwa zimefika ofisini kwa Meneja. Aliingia akakuta karani kijana anafikicha hewa karibu na mtungi wa maji, na wenzake wameegemea meza kwa kicheko. Walipomwona wakanyamaza wote kwa pamoja. Na ukimya wa namna hiyo unaumiza kuliko kicheko. Mkurugenzi alipita akasema, "Mama yako ana nguvu, bwana!" Meneja akasikia tusi.

Jioni ile niliwasikia kupitia ukuta.

"Mama, unajua umenifanya nini ofisini?"

"Nimekufanya nini tena, baba? Hata ofisi yenyewe sijawahi kufika."

"Unatikisa kiuno mbele ya mkurugenzi wangu!"

"Sikumwona mkurugenzi mimi. Nilikuwa naye Mungu."

Mwalimu akaingilia, sauti yake ya darasani: "Mama, kuna kucheza na kuna kujidhalilisha. Wanafunzi wangu wanaigiza mguu wako mbele ya ubao."

"Wanaweza lakini?" Mama akauliza, akacheka. "Ule wa kushoto ni mgumu kuuiga."

Hakuna aliyecheka naye. Nikasikia kiti kinasukumwa.

"Mwanangu," mama akasema, na sasa sauti ilikuwa ya chini, "nacheza kwa ajili yako. Ulikuwa huna miguu. Hilo unalijua."

"Basi acha kwa ajili yangu," Meneja akajibu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Yule mama alikuwa amefua nguo za mtaa mzima, akajua doa la kila nyumba, lakini kilichokuwa ndani ya nguo zake hakukijua.

Jumapili iliyofuata hakukaa benchi la tatu. Mwanawe na mkewe walimweka katikati yao, kwenye benchi la wazee wa kanisa. Wimbo ulipoanza, Mwalimu alimshika kifundo cha mkono kama unavyomzuia mtoto asivuke barabara. Mama hakuinuka. Lakini mguu wake, ambao alikuwa ameshauvua kiatu kwa mazoea, ukaanza kugonga sakafu wenyewe. Nilikuwa nyuma yao, upande kidogo, nikaona yote. Meneja hakugeuza hata shingo. Aliinua kiatu chake cheusi kilichong'arishwa, akakiweka juu ya vidole vya mama yake, akakandamiza. Alikandamiza beti zote nne, huku anaimba. Mama alitazama mbele, midomo imefungwa. Wiki nzima iliyofuata nilimwona uani akitembea na ukucha mweusi.

Jumapili ya pili yake alijaribu tena. Wakati wa kutoa sadaka aliwaponyoka, akatoka kwenye njia ya katikati akichechemea, akacheza. Vijana wakatoa simu. Meneja akasimama, akatembea polepole, amevaa lile tabasamu la kupokelea wateja, akamshika mama yake chini ya kwapa na kumtoa nje. Alimshika kwa nguvu mpaka kisigino kimoja cha mama kikawa hakigusi sakafu. Watu wakapisha. Mimi pia nilipisha.

Baada ya hapo nafasi yake benchini ilibaki wazi.

"Mama anasumbuliwa na miguu," Meneja akaliambia kanisa. Mchungaji, ambaye siku hizo alikuwa anamtegemea sana kwa mambo ya ujenzi wa kanisa, hakwenda kumtazama. Alituambia tunyooshe mikono kuelekea nyumba ile, tumwombee Mama Dobi apone miguu. Tukanyoosha, kanisa zima. Na aliyeitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mwanawe.

Miguu ile ilikuwa nyuma ya kufuli. Kila Jumapili saa mbili asubuhi walimwachia mkate, jagi la maji na ndoo ya kujisaidia, wakafunga mlango kwa nje, wakaenda kanisani. Walirudi saa nane. Nilijuaje? Nilimwona Meneja akizungusha ufunguo, kwa kuwa mlango wa chumba cha mama unafungukia uani, mita nne kutoka kwenye uzio wangu. Aliponiona hakushtuka.

"Jirani," akasema, "wazee wakifika umri huu hupotea njia. Tunamlinda."

Nikasema, "Ni kweli."

Maneno mawili tu. Alikuwa mteja wangu, mwenye kiti chake dukani na taulo lake mwenyewe. Nilijua, ndugu zangu. Nasema tena ili nisije nikajificha: nilijua.

Siku za katikati ya wiki walimwacha atoke. Siku moja alikuwa anaanika shuka uani, akanisogelea kwenye uzio.

"Mwanangu kinyozi, Jumapili waliimba wimbo gani wa kuingilia?"

Nikamtajia.

"Na ngoma ilipigwa?"

"Ilipigwa, mama."

"Basi nilisikia sawasawa." Akakung'uta shuka. "Mchungaji kaniulizia?"

"Alikuombea. Tulikuombea wote, upone miguu."

Akainamisha kichwa akaitazama miguu yake kwa muda mrefu, mmoja mmoja, kama mtu aliyeambiwa nyumba yake inaungua na haoni moshi.

"Miguu hii?" akasema. "Ina nini?"

Nikamwambia nina mteja anasubiri. Sikuwa na mteja.

Jumapili ya tano ya kufungiwa kwake ilikuwa siku ya sifa. Kanisa lilikodi vipaza sauti, vikafungwa nje, na mtaa mzima ukawa kanisa. Mimi sikwenda. Jino lilikuwa linaniuma, shavu limevimba, nimelala nimejifunga taulo la moto. Ngoma ilipoanza nikasikia, upande wa pili wa ukuta, miguu. Mmoja mwepesi, mmoja mzito. Mwepesi, mzito. Nikatabasamu na jino langu. Nikajisemea, bibi huyu hata umfungie ndani ya chungu atacheza na mfuniko.

Kisha nikasikia kishindo, na ndoo ikiviringika.

Pakawa kimya. Halafu ukuta ukaanza kugongwa, polepole. Sasa nisikilizeni vizuri. Nilijiambia anaendelea kucheza. Nilijiambia anapiga ngoma ukutani. Jino likanichoma, nikaona kelele zinanizidi, nikanyoosha mkono nikaongeza sauti ya redio.

Ilipita zaidi ya saa nzima. Nilipopunguza redio nipate usingizi, bado alikuwa anagonga. Na hapo ndipo nilipotambua kwamba ugongaji ule hauendani na ngoma. Ngoma ilikuwa imekwenda kwenye wimbo wa haraka, lakini ukutani palikuwa na pigo moja, kimya kirefu, pigo moja.

Nikaruka uzio. Dirisha lake lilikuwa na nondo. Nikachungulia. Alikuwa sakafuni kati ya kitanda na mlango, mguu wa kulia, ule uliokuwa mzima, umegeuka kuelekea upande ambao mguu haugeukii. Ndoo ilikuwa imemwagika naye amelala ndani ya yaliyomwagika, mwanamke aliyetumia maisha yake kutoa madoa ya wengine. Mkononi alikuwa na kiatu, ndicho alichokuwa anagongea ukuta.

"Mama! Navunja mlango!"

"Usivunje, mwanangu," akasema. Midomo ilikuwa mikavu. "Atakasirika. Wakitoka kanisani watafungua. Si muda."

Nikaupiga teke mlango mara tatu, lakini ulikuwa wa mbao ngumu, na Meneja hakununua kufuli la mzaha. Nikakimbia kanisani na taulo bado limefungwa shavuni.

Meneja alikuwa mbele, kipaza sauti mkononi, anasoma matangazo ya kamati ya ujenzi. Aliponiona nakuja katikati ya njia akaninyooshea kiganja: subiri. Sikusubiri.

"Meneja, naomba ufunguo."

"Ufunguo gani?"

"Wa chumba cha mama. Ameanguka."

Akashusha kipaza sauti kifuani, akidhani ameficha maneno. "Jirani, mama amelala nyumbani, anapumzika. Usivuruge ibada ya watu."

Vipaza sauti vya nje vikayapeleka maneno hayo mpaka barabara kuu.

Mchungaji akainuka kwenye kiti chake. "Mzee wa kanisa," akasema, "ufunguo gani huo anaouomba?"

Meneja akageuka kumtazama mkewe. Nikasikia zipu ya mkoba. Mwalimu alikuwa ametoa ufunguo, ameushika kwa vidole viwili mbali na mwili wake, kama kitu kinachonuka. Nikauchukua. Kanisa zima, na kilichosikika ni viatu vyangu tu nikitoka.

Hospitalini daktari alisema ni nyonga, imevunjika vibaya, na kwa umri ule hatari kubwa ni kulala kitandani. Akauliza mgonjwa alikaa sakafuni kwa muda gani.

"Muda mfupi," Meneja akasema.

"Saa moja na nusu," nikasema.

Daktari alitutazama wote wawili, akaandika langu.

Wiki ya tatu hospitalini, mchungaji alikuja na wanakwaya sita na ngoma ndogo. Muuguzi mkuu akaturuhusu nyimbo mbili. Mama Dobi alikuwa ameisha, shuka limemlalia kama halina mtu chini. Meneja alikaa pembeni ya kitanda. Hakuwa amenyoa tangu siku ile. Dukani kwangu hakuja tena, na mimi sikuwa na uso wa kumwita.

Wakaimba ule wimbo wake. Ngoma ikaingia taratibu. Sote tukaitazama mikono yake juu ya shuka. Kidole kimoja kikainuka. Hapo hapo mama akageuza macho, akamtazama mwanawe. Hakumtazama kwa hasira; ningefurahi kama ingekuwa hasira. Alimtazama kama mtoto anavyomtazama mwenye nyumba kabla ya kugusa kitu. Alikuwa anaomba ruhusa.

Meneja akaona. Akaanza kulia. "Cheza, mama," akasema. "Cheza. Hata mikono tu. Nakuomba."

Mama akatikisa kichwa kidogo.

"Hapana, baba. Nimeshazoea kutulia. Watu watanitazama."

Akaiingiza mikono yake chini ya shuka, wa kwanza, kisha wa pili.

Wanakwaya wakaendelea kidogo, sauti zikapungua moja baada ya nyingine, ikabaki ngoma peke yake, na mpigaji akagundua yuko peke yake akaacha. Baada ya siku nne mapafu yakajaa maji, Mama Dobi akafariki dunia. Alikuwa na mwanawe chumbani, na mwanawe anasema hakuomba chochote.

Kwenye mazishi yule mkurugenzi alikuja. Alimshika Meneja mkono, akamwambia mbele yangu, "Siku ile mama yako alipocheza ndiyo siku pekee mwaka huu niliyorudi nyumbani na furaha. Kila Jumapili nilikuwa nataka kukuuliza kama naweza kuja tena." Meneja akamtazama kama aliyepigwa kofi. Kaburini, kabla udongo haujamwagwa, aliomba wimbo wa sifa upigwe. Akavua viatu, akasogea mbele, akapiga hatua mbili na kusimama. Hakujua ya tatu. Mwanamke mmoja wa benchi la tatu akasema bila kupaza sauti, "Vaa viatu, mwanangu. Aliyekuwa anajua ulimfungia." Watu wakamwacha asimame hivyo, peku kwenye udongo mbichi, mpaka wimbo ukaisha. Hakuna aliyemshika mkono.

Alijiuzulu uzee wa kanisa. Mwalimu aliomba uhamisho, akaenda shule ya mbali, na hajarudi. Meneja bado anakuja ibadani, lakini ngoma ikianza hutoka nje akasimama karibu na ukuta, anatazama chini. Mimi nilizifuta zile sekunde ishirini kwenye simu yangu. Zilizo kwenye simu za watu sina uwezo nazo.

FUNZO

Ndugu zangu, mtu anapomchezea Mungu kwa furaha, hiyo ni sala. Ina mdundo badala ya maneno, lakini ni sala, na sala ya mtu haipimwi kwa macho ya mgeni aliyeketi mbele. Usione aibu kwa furaha ya mzazi wako. Huenda miguu unayoionea haya ndiyo iliyokuombea ya kwako.

Na ninyi viongozi wa dini, msimwombee muumini kwa mbali wakati nyumba yake mnaijua. Kumnyooshea mtu mkono si sawa na kumgongea mlango.

La mwisho linatuhusu sisi majirani. Meneja alikuwa na kufuli, lakini hakufunga peke yake. Walifunga waliotoa simu, walifunga waliopisha njia, na aliyesema "ni kweli" alifunga kwa ufunguo wake mwenyewe. Ukatili wa nyumba moja huishi kwa kunyamaza kwa nyumba ya pili. Kama kuna mzee mtaani kwenu aliyezoea kuonekana na siku hizi haonekani, na ukaambiwa anaumwa, anapumzika, analindwa, usiitikie tu. Nenda leo. Mwite kwa jina lake, na usiondoke mpaka akujibu yeye mwenyewe.